Mzee Aliyekataa Kuandika Namba Moja Tu

Kikundi chetu cha Likoni kilikuwa na pesa ya jambo moja tu: kununua friza ya samaki, au kuezeka upya banda la chekechea kabla ya masika. Mimi katibu nikagawa karatasi, kila mtu atie alama, 1 hadi 9. Mzee mmoja akanirudishia yake tupu. "Mwanangu, friza ni saba, kama stima haitakatika na kusi haitatuzuia pwani. La sivyo, ni mbili. Sasa niandike ipi?"

Nikamwandikia saba. Mpaka leo naona haya.

Swali lake lilishajibiwa mwaka 1965 na Lotfi Zadeh, mtaalamu mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, Marekani. Katika seti zake za fazi, yaani makundi yasiyo na mpaka mkali, kitu hakilazimiki kuwa ndani au nje. Chaweza kuwa ndani kwa 0.3 au kwa 0.8. Kwa mtu wa pwani hilo si geni: maji hayatoki kupwa yakajaa kwa mara moja, na nahodha hangoji yajae pomoni ndipo ang'oe nanga. Mwaka 1970, Zadeh na mwanahisabati Richard Bellman walilipeleka wazo hilo kwenye kufanya maamuzi.

Nilikuja kurudia hesabu yetu kwa wazo hilo, kila jambo nikilipa namba tatu: ya chini, inayoelekea zaidi, na ya juu. Friza: 2, 7, 9. Paa: 5, 6, 7. Jumlisha, gawa kwa tatu: friza 6, paa 6. Kumbe vilikuwa sare! Tena paa lilikuwa na mashaka machache, maana hata siku mbaya halishuki chini ya tano. Friza ilishinda kwa saba yangu.

Wapo wasioipenda njia hii. Thomas Saaty, mtaalamu wa maamuzi aliyebuni kipimo cha 1 hadi 9 cha kulinganisha mambo mawili mawili, alipinga kukichanganya na fazi. Aliona maoni ya watu tayari yana ukungu wake. Namwelewa, hasa nikiona washauri wanaotoa desimali nne kutokana na kubahatisha. Lakini mimi sikutafuta desimali. Nilitaka ile "la sivyo" ya mzee ipate pa kukaa.

Friza tuliinunua. Banda tukalifunika turubai.

Mwaka huu karatasi zina visanduku vitatu. Mzee alivijaza vyote, kisha akauliza cha nne kiko wapi.