Ndama wa bei chee wa kufuga kwa nyama ya nyumbani, kuna nafuu kweli?

Swali hili linarudi kila nyama ikipanda bei: kwa nini nisinunue ndama wa bei ya chini, nimlee mwenyewe, nimchinje, na familia ile nyama mpaka ichoke? Kuna wanaosema fanya haraka, kuna wanaosema utapoteza hela zako na muda wako. Mimi naona hawa watu mara nyingi wanabishana bila hata kukubaliana wanaongelea ndama gani, maana ndama wa siku tatu na ndama wa miezi saba ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tuanze na yule wa bei chee haswa. Karibu kila mara ni dume la ng'ombe wa maziwa, Friesian au Jersey, kazaliwa kwenye shamba linalotaka majike tu, na kila lita anayokunywa ni lita ambayo ingeuzwa, kwa hiyo anatolewa mapema. Bei yake iko chini kwa sababu hiyo, wala sio kwamba ndama ana kasoro. Hapa wanaounga mkono wako sahihi kabisa. Dume la Friesian likihasiwa na likala vizuri linafika kilo 500 bila shida. Jersey ni mdogo na mafuta yake ni ya njano, wengi wanayakataa kwa macho tu, lakini ile rangi inatokana na karotini ya majani aliyokula na nyama yake ni laini sana.

Shida iko kwenye wiki nane za kwanza. Ndama anazaliwa karibu hana kinga yoyote kwa sababu kinga ya mama haipiti kwenye kondo, inakuja kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, na utumbo wake unaipokea vizuri masaa machache ya mwanzo tu, zikifika kama 24 ndio basi tena. Ndama wa kilo 40 anatakiwa apate kama lita 4 za dang'a, na nyingi ya hizo ziingie ndani ya masaa sita ya kwanza. Sasa jiulize, mwenye shamba ambaye hana mpango na dume, alihangaika usiku kumnywesha? Wapo wanaohangaika, tena vizuri, na wapo ambao hawana muda huo, na wewe ukimuona ndama siku ya nne huwezi kujua kwa macho. Ndio maana ndama wachanga wa mnadani wananitia wasiwasi sana, wametoka mashamba tofauti wakachanganywa, wamepakiwa kwenye gari bila kunywa chochote, unafika nae nyumbani yuko sawa tu halafu kesho kutwa anaanza kuhara. Kinachomuua haraka kwenye kuhara ni kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo cha kwanza kabisa ni kumnywesha maji yenye chumvi na glukosi huku maziwa yakiendelea na daktari wa mifugo akitafutwa, watu wengi wanakimbilia sindano ya antibayotiki wakati ndama anakauka.

Kwa hiyo ukienda kumuangalia mchanga, usitazame rangi. Mtie kidole mdomoni, anyonye kwa nguvu, na mdomo uwe na joto, ukiwa wa baridi na ananyonya kivivu achana nae. Shika kitovu, kinatakiwa kiwe kimekauka na chembamba, kikiwa kinene kina unyevu au anashtuka ukikigusa, kuna uambukizi. Papasa magoti ya mbele kama yamevimba, maana uambukizi wa kitovu hupenda kushukia kwenye viungo. Vuta ngozi ya shingo uiachie, ikichelewa kurudi ameshaanza kupungukiwa maji. Inua mkia utazame kwa chini kama ana dalili za kuhara. Dakika tano tu zinatosha na usimuonee haya muuzaji.

Halafu maziwa. Lita 4 mpaka 6 kila siku kwa wiki nane, hapo unaongelea kati ya lita 220 na 340 hivi, kabla hajaanza kula chakula chake cha nafaka cha kueleweka. Na asiachishwe kwa kuangalia kalenda, aachishwe pale anapomaliza kama kilo moja ya chakula cha ndama kila siku kwa siku tatu mfululizo, kwa sababu nafaka ndiyo inayoliamsha lile tumbo kubwa la kusaga majani. Zidisha hizo lita kwa bei unayonunulia, ongeza kwenye bei ya ndama, halafu linganisha na ndama aliyekwisha achishwa. Mara nyingi tofauti inapotea hapo hapo, na bado hujaweka uwezekano wa kufa. Kama una ng'ombe wako unayemkamua na maziwa yanabaki, na kuna mtu anashinda nyumbani, hapo ndama mchanga ni nafuu ya kweli na nakuambia nunua.

Wengine wote, msimamo wangu ni nunua aliyeachishwa, wa miezi sita kwenda juu, hata kama bei inakuuma. Ameshavuka kipindi kibaya, anakula majani. Ila nae ana mambo yake. Ukiona tumbo limening'inia na mgongo umekauka na manyoya hayana mng'ao, huyo alidumaa, usidhani ukimlisha atafidia yote. Mpe dawa ya minyoo na muulize daktari chanjo ya chambavu, maana ugonjwa huo unapenda ng'ombe wa miezi 6 mpaka miaka 2, na unachagua walionona, unamkuta asubuhi amekufa wakati jana alikuwa mzima.

Kuna mmoja ambaye wengi hawamfikirii, jike aliyezaliwa pacha na dume. Kama 9 kati ya 10 hawazai, homoni za dume huwaharibia mfumo wa uzazi wakiwa bado tumboni, kwa hiyo mfugaji wa maziwa hamtaki na kwa nyama hana tatizo lolote.

Sasa majani, na hapa ndipo hesabu nzima inapoamuliwa. Ng'ombe wa kilo 300 anakula chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 7 na nusu, ambayo kwa majani mabichi inakuja karibu kilo 37 kwa siku, kila siku, pamoja na zile siku za ukame ambazo kila mtu anatafuta majani. Mpaka achinjwe inaweza kuwa mwaka na nusu mpaka miaka miwili na zaidi. Kama una eneo linaota majani ambayo hayana kazi nyingine, nyama yako itakuwa nafuu na utakuwa unajua imekula nini. Kama kila mzigo wa majani unanunua, basi wanaosema nenda bucha wamekushinda kwa hoja, na bei ya ndama haiwezi kukuokoa.

Na usipige hesabu kwa uzito wa ng'ombe akiwa amesimama. Wa kilo 500 aliyenona akichinjwa unabaki na mzoga wa kama kilo 275, toa mifupa na mafuta ya ziada unabeba kama kilo 180 za nyama. Hiyo inataka friza ya lita 300 na kitu, na umeme wa uhakika.

Dume lihasiwe mapema, wiki za mwanzo. Najua asiyehasiwa anakua haraka, lakini dume la ng'ombe wa maziwa lililolelewa kwa chupa, peke yake, halimuogopi mtu kabisa, na likifika mwaka na nusu lile ambalo watoto walikuwa wanalikumbatia linaweza kuua. Hilo silipunguzi hata kidogo, nyumba yenye watoto isifuge dume lisilohasiwa kwa ajili ya nyama.

Peke yake pia ndama analia sana na anapunguza kula, ng'ombe ni mnyama wa kundi. Kama majani yanatosha bora wawili, mmoja muuze akulipie chakula cha mwenzie, au ungana na jirani, mmoja wake mmoja wako, kila mtu na zamu yake ya kukata majani, na mkubaliane kabla hamjanunua akiugua mmoja nani analipa daktari.