Waliokuja na Waliorudi Hawamo Kwenye Daftari

Machi 2020 nilikuwa nimepanga chumba Nkuhungu, jijini Dodoma, nyumba ya vyumba sita. Vyuo vilipofungwa, mwanachuo wa chumba cha uani alikunja godoro lake, akalifunga kamba, akapanda basi. Dada aliyekuwa akikaanga chipsi karibu na chuo akakosa wateja, naye akarudi kwao Kondoa. Vyumba vitatu vikabaki na kufuli. Mwaka uliofuata vyote vilishajaa, na kodi imepanda.

Sensa haina habari na kufuli zile. Inatuambia mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, ukafika 3,085,625 Agosti 2022. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.9 kwa mwaka, wakati la taifa ni 3.2. Jiji peke yake lilitoka 410,956 hadi 765,179. Kwa kuzaana tu hatufiki huko. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, walikuja watumishi, na nyuma yao mafundi, madalali, mama ntilie na vijana wa bodaboda.

Ndiyo maana korona haikutufanya kama ilivyowafanya wengine. Australia ilifunga mipaka yake, na katika mwaka wa 2020–21 waliohama wakawazidi waliohamia, jambo lisilotokea tangu Vita Kuu ya Pili. Mgeni wetu hapiti kwenye mpaka. Anatoka Manyoni, Mpwapwa au Dar, na mabasi hayakusimama.

Kinachoniuma ni kwamba tunapanga maji, madarasa na zahanati kwa hesabu ya kila miaka kumi, ilhali watu wetu wanaingia na kutoka ndani ya miezi. Daftari la wakazi la mtaa lingetosha kabisa kutuonyesha hilo, kama lingejazwa. Ninapoishi sasa niliandikwa siku nilipofuata barua ya utambulisho. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nakunywa maji ya mtaa ule bila kuwepo. Wenyeviti wa mitaa wapewe posho na muda wa kupita nyumba kwa nyumba, angalau mara mbili kwa mwaka, na takwimu zao zifike kwa wanaochimba visima.

Kwetu maji hutoka Jumanne na Ijumaa. Jumanne iliyopita nilifika bombani saa kumi alfajiri, nikakuta madumu arobaini na moja mbele yangu. Mengi yalikuwa ya watu nisiowajua.