Picha ya mgongo haioni peptidi

Mama yangu aliumwa mgongo miaka mitatu baada ya kuanguka, na kila akipigwa picha anaambiwa mifupa iko sawa, hakuna kitu, nenda kapumzike mama. Siku moja daktari akamwambia hayo maumivu yako kichwani kwako. Mama akanyamaza. Mimi ndo nilitoka pale na hasira nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma hasira ikaongezeka, maana ile kauli ina makosa kisayansi, maumivu ya aina hii yana kemia yake na sehemu kubwa ya hiyo kemia iko ndani ya uti wa mgongo, namaanisha ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo, siyo mifupa yenyewe, mahali ambapo picha ya mifupa haiwezi kuona lolote.

Ngoja nieleze. Ukiumia, habari inasafiri kwenye nyuzi za neva mpaka kwenye uti. Nyembamba kuliko zote zinaitwa nyuzi C, hazina ule utando wa mafuta unaoharakisha mambo, kwa hiyo zinakwenda polepole, kama mita moja hivi kwa sekunde. Zinaingilia upande wa nyuma wa uti, panaitwa pembe ya nyuma, na hapo neva ya kwanza inaikabidhi neva ya pili ile habari kwa kemikali. Ya haraka ni glutameti, kazi yake inaisha ndani ya milisekunde chache. Lakini kwenye ncha zilezile kuna vifuko vingine vikubwa zaidi vimejaa nyuropeptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na vinavyojulikana sana ni dutu P na CGRP. Vifuko hivi havifunguki hovyo, msukumo mmoja hautoshi, mpaka neva ipige mfululizo kwa kasi ndo vinamwaga.

Mimi huwa naiona hivi: glutameti ni mtu aliyepiga hodi, kasema lake mlangoni, kaondoka. Dutu P anaingia ndani anakaa, halafu anapita mpaka kwa majirani. Peptidi haziondolewi haraka kama glutameti, zinasambaa taratibu na kufikia hata seli ambazo hazikuwa kwenye mazungumzo, na athari yake inaweza kudumu dakika nzima.

Na hapo ndo penye uzito wenyewe. Neva ya pili ina mlango wa glutameti unaoitwa NMDA ambao kawaida umezibwa na magnesiamu. Dutu P ikishika kipokezi chake, yaani sehemu ya neva inayoipokea, inaitwa NK1, ile neva inabaki imechangamka muda mrefu, kizibo kinatoka, kalsiamu inaingia, na kuanzia hapo hata kichocheo kidogo kinapata jibu kubwa. Mwaka 1966 mtafiti Lorne Mendell alionyesha kwamba ukizichokoza nyuzi C kwa nguvu ileile tena na tena, majibu ya seli za uti yanazidi kupanda, yaani kinachoingia hakijabadilika ila kinachotoka kinakua. Mwaka 1983 mtafiti mwingine, Clifford Woolf, akaonyesha kwamba baada ya jeraha uti wenyewe unabaki na wepesi huo wa kuchokozeka. Sasa mtu mwenye uti wa hali hiyo unamwambia anajifikiria tu, kweli?

Lakini niseme pia nisichokubaliana nacho kwa upande wa pili, maana huko mitandaoni dutu P inaitwa kemikali ya maumivu kama vile ndo swichi yenyewe. Hapana. Wanasayansi Ulf von Euler na John Gaddum walipoigundua mwaka 1931 kwenye dondoo la ubongo na utumbo wa farasi, walichokiona ni utumbo kujikunja na presha kushuka, na hiyo P ni ya ule unga wao wa maabara (powder kwa Kiingereza), haina uhusiano wowote na maumivu. Ilichukua miaka 40 mpaka timu ya mtafiti Susan Leeman ikajua mpangilio wa asidi amino zake 11. Baadaye kampuni za dawa zikatengeneza vizuizi vya NK1, kwenye wanyama vikapunguza maumivu vizuri, watu wakasubiri kwa matumaini makubwa, halafu kwa binadamu vikashindwa: maumivu ya meno, kipandauso, maumivu ya neva, kote hakuna la maana. Kimoja kati ya hivyo, aprepitanti, kilipitishwa Marekani mwaka 2003 kwa kazi nyingine kabisa, kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa kemotherapi.

Kwangu mimi kushindwa huko kunafundisha kuliko sura nzima ya kitabu. Neva ileile inamwaga glutameti, dutu P, CGRP na vingine kwa pamoja, ukimzuia mmoja wenzake wapo. Tena kuna peptidi zinazovuta upande wa pili, enkefalini, ambazo watafiti John Hughes na Hans Kosterlitz walizitambua mwaka 1975 kule Aberdeen, Uskoti, hizi zinazibana ncha za nyuzi C zisimwage, na mofini, ile dawa kali ya maumivu, inapita njia hiyohiyo. Kwa hiyo uti ni mahali pa mvutano, siyo waya. Na simaanishi kila kizuizi cha peptidi ni bure, dawa za kuzuia CGRP zimesaidia watu wengi wenye kipandauso tangu ya kwanza ipitishwe mwaka 2018, ila hiyo ni njia ya neva za kichwa, na mgongo wa mama haukupata bahati hiyo.

Nilimweleza yote haya jioni moja, na habari ya mgeni aliyekaa akaishika haraka kuliko nilivyotegemea. Akauliza, "Sasa huyo mgeni anatolewaje?" Nikamwambia hakuna kidonge kimoja cha kumtoa, wamejaribu, kuna dawa za kutuliza neva, kuna mazoezi ya taratibu, na inachukua muda. Akasema sawa, ila kwa yule daktari harudi. Wiki iliyofuata tukaenda kwa mwingine.