Kukaguliwa si kutukanwa

Alhamisi ya tarehe 24 Julai 2025 mzee jirani yangu alinigongea mlango, simu mkononi, uso umemng'aa kama mtu aliyeletewa habari ya mjukuu. "Binti, tumeshinda!" Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, mahakama ya serikali kuu ya Marekani, ilikuwa imetoa uamuzi kwamba sheria ya California ya kumkagua kila anayenunua risasi inavunja katiba. Majaji wawili kwa mmoja. Alitaka nisome mwenyewe, nikasoma palepale mlangoni. Nikampa mkono, maana ni mtu mzima na ninampenda. Kisha nikafunga mlango nikakaa na uchungu ambao mpaka leo haujaniisha.

Niseme mapema niliposimama: ninaitaka sheria hii ibaki. Lakini huyu mzee ilimdhulumu, na siku hiyo nilikuwepo. Kwa hiyo siwezi kukaa kundi moja na wanaosema wenye bunduki wa California wanalia bila kupigwa.

Ilikuwa Novemba 2024, msimu wa bata. Gari lake lilikuwa kwa fundi, nikampeleka dukani mimi. Mzee huwinda bata mwitu kwenye mashamba ya mpunga kaskazini ya Sacramento, mashamba ambayo mara ya kwanza kuyaona nilisimamisha gari pembeni nikalia, kwa jinsi yalivyonikumbusha Rufiji maji yakiwa yamejaa. Akachukua pakiti mbili za risasi za marisau, ishirini na tano kila moja, zenye marisau ya chuma kwa kuwa ya risasi nyeusi hayaruhusiwi kwa bata. Kijana wa kaunta akapokea leseni ya udereva, akaipitisha kwenye mashine, akatazama skrini, akamuuliza anakaa wapi. Mzee akamtajia. Kijana akatazama tena. Halafu akazisogeza zile pakiti upande wake wa kaunta, taratibu, kwa ncha za vidole. "Imekataa, mzee."

Kwa nini? Muuzaji hajui. Haambiwi. Mnunuzi hupewa namba akaitafute sababu mwenyewe mtandaoni. Nyuma yetu walikuwa wamesimama watu wanne. Mzee alikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akashukuru. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye taa za barabarani. "Miaka hamsini nanunua risasi. Leo nimesimamishwa mbele za watu kama mwizi."

Jioni tulikaa mezani kwangu tukaitafuta sababu. Ana bunduki mbili. Moja aliachiwa na baba yake miaka ya themanini, na jimbo halikuwa likiweka kumbukumbu za bunduki ndefu mpaka mwaka 2014, kwa hiyo hiyo haipo popote. Ya pili aliinunua 2016, na kumbukumbu yake ina anwani ya nyumba aliyokaa na mkewe. Mkewe alipofariki aliiuza nyumba ile, akahamia jengo letu, akabadilisha leseni kama inavyotakiwa. Kumbukumbu ya bunduki haikuifuata leseni. Ukaguzi wa kawaida unataka jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya kitambulisho vilingane na kumbukumbu ya bunduki. Kwake havikulingana. Leseni ilisema fleti, kumbukumbu ikasema nyumba ya marehemu.

Wala si yeye peke yake. Sheria hii ilipitishwa na wapiga kura wa California mwaka 2016 ndani ya Pendekezo la 63, na ukaguzi ukaanza tarehe 1 Julai 2019. Katika miezi saba ya mwanzo, kwa takwimu za jimbo lenyewe zilizowekwa mbele ya Jaji Roger Benitez wa San Diego, watu zaidi ya 100,000 ambao hawakuwa na kosa lolote walirudishwa mikono mitupu, karibu 16 kwa kila 100, wengi kwa sababu kama za mzee wangu. Waliozuiwa kwa kuwa kweli sheria inawakataza walikuwa 188. Kufikia 2023 waliokuwa wakirudishwa walikuwa bado 11 kwa kila 100. Miaka minne, na bado mtu mmoja kati ya tisa! Hapo sina utetezi. Serikali ikikutaka uthibitishe wewe ni nani, ni wajibu wake kuwa na daftari linalokujua.

Sisi tuliotoka nyumbani tunalijua hili kwa maumivu. Mimi nina majina matatu: langu, la baba, la babu. Karatasi moja imemfanya babu kuwa jina la ukoo, nyingine imemfanya baba. Niliwahi kuambiwa kwenye ofisi fulani kwamba mwenye pasipoti niliyoshika na mimi niliyesimama ni watu wawili. Nilirudi nyumbani kwa basi siku hiyo nikijiuliza huyo wa pili ni nani na amezaliwa na nani. Kwa hiyo mzee aliponiambia amefanywa mwizi, sikumwambia apunguze makali.

Lakini kuna neno jingine wanalolisema wenye bunduki, wanalisema kwa nguvu kuliko yote, na hilo silikubali hata kidogo. Wanasema kukaguliwa kwenyewe ni tusi. Kwamba raia mwema asiulizwe.

Jamani. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Kabla sijaruhusiwa kumwogesha bibi wa watu, kumlisha uji na kumgeuza kitandani, nilichukuliwa alama za vidole vyote kumi, zikapelekwa Idara ya Sheria ya California. Idara hiyohiyo inayomkagua mnunuzi wa risasi. Sikutukanwa. Nilikubali kwa sababu yule bibi amelala, hana nguvu, na mwanawe aliye kazini ana haki ya kujua kwamba mkono unaomgeuza mama yake haujawahi kumpiga mtu. Kama mkono wa kushika kitambaa cha kuogeshea unakaguliwa, mkono wa kushika risasi una heshima gani ya ziada?

Ninaye mwenzangu wa kazi, simtaji. Mumewe wa zamani amewekewa amri ya mahakama asimkaribie, na mtu wa namna hiyo kwa sheria ya California haruhusiwi bunduki wala risasi. Anasema aliiuza bunduki yake. Aliiuza kwa nani, lini, hakuna ajuaye. Mwenzangu huyu akitoka zamu ya usiku hunyamaza kwanza mlangoni, anasikiliza eneo la magari kabla ya kutoka. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba na mimi nimeanza kusikiliza. Bunduki zilizokwisha kuingia mikononi mwa watu nchi hii zinakadiriwa kuwa nyingi kuliko watu wenyewe. Huwezi kuzirudisha. Lakini bunduki haina kazi bila kinachotiwa ndani, na hicho huisha, hununuliwa tena, na mahali kinaponunuliwa ni pale kwenye kaunta. Kwa mwenzangu, ile kaunta ndiyo ukuta uliobaki.

Ndiyo maana ile hesabu ya 188 hainitoshelezi inapotajwa kama ushahidi kwamba sheria haina faida. Hao ni waliokwenda wenyewe mpaka dukani wakatoa kitambulisho, katika miezi saba. Hesabu haiwezi kumwonyesha yule aliyejua ataulizwa akabaki kwake. Wanasema atapata kwingine. Wengine watapata, ndiyo. Mwenzangu atakuambia kwamba kila siku ambayo hajapata ni siku.

Na msiniambie nazungumza nisichokijua. Babu yangu alikuwa na gobori. Tulilala naye kwenye dungu katikati ya mpunga, nguruwe wakija usiku anawasha, moshi unatanda, sisi tunaziba masikio. Baruti yake haikununuliwa hivihivi. Alikuwa na kibali chake amekifunga kwenye kitambaa cha kaniki, anakwenda nacho, karani anaandika kiasi kwenye daftari kubwa, babu anatia kidole gumba. Alirudi nyumbani na baruti yake amekiinua kichwa, kwa kuwa kijijini waliokuwa na kibali walihesabika. Kwake daftari lilikuwa heshima: serikali imemjua kuwa ni mtu wa kuaminiwa.

Hata Marekani daftari si jambo la jana. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968 iliwataka wauzaji waandike wanaonunua risasi, ikalegezwa 1986. Connecticut ina cheti cha kununulia risasi tangu 2013, baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa shuleni Newtown. New York ilianza ukaguzi wake Septemba 2023, kwa dola 2.50, na malalamiko yakawa yaleyale.

Aliyefungua kesi ya California ni Kim Rhode, mwanamichezo wa kulenga shabaha mwenye medali sita za Olimpiki, kutoka michezo sita mfululizo. Simchukii. Mtu anayepiga risasi nyingi mazoezini kila siku, kila kizuizi anakiona mara mia. Jaji Sandra Ikuta aliyeandika uamuzi amesema historia ya nchi hii haina mfano wa mtu kukaguliwa kila anunuapo risasi, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2022 kipimo cha sheria za bunduki ni historia. Jaji Jay Bybee alipinga. Mimi niko na Bybee. Na kodi ya asilimia 11 ambayo jimbo liliongeza kwenye bunduki na risasi mwaka 2024, hilo nawapa wenye bunduki: inamuumiza mzee wa pensheni kuliko mwenye nazo.

Kinachoniuma ni kwamba wamekwenda kuomba mlango wote ung'olewe. Kila mahakama ilipoufungua, siku moja mwezi Aprili 2020, na siku chache tena mwanzoni mwa 2024, walikimbilia kununua kwa wingi kabla haujafungwa. Sikusikia kilio chenye nguvu ile kikidai daftari lirekebishwe: kwamba mtu akibadilisha leseni, kumbukumbu ya bunduki yake ibadilike palepale, kwamba aliyekataliwa aambiwe sababu hapohapo, kwa faragha, siyo kupewa namba, kwamba mwenye bunduki ya urithi isiyo kwenye kumbukumbu asitozwe dola 19 za ukaguzi na kusubiri siku kadhaa kila anapotaka pakiti moja. Na jimbo, badala ya kuyamaliza hayo, Julai 2025 lilipandisha ada ya ukaguzi wa kawaida kutoka dola 1 hadi dola 5. Limemtoza zaidi mtu ambaye bado halijamjua anakaa wapi.

Uamuzi ulikuwa haujaanza kutumika. Sheria ilikuwa ileile dukani. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilimwita mzee tena mezani kwangu, nikapika wali na samaki wa nazi, tukafungua kompyuta tukabadilishe ile anwani ya 2016, kazi aliyoikataa tangu Novemba. Nilidhani ni ubishi. Tulipofika mahali pa kufuta anwani ya zamani akaniomba nimwachie aifute mwenyewe. Alibonyeza herufi moja moja, polepole, mpaka namba ya nyumba ya mkewe ikaisha.