Droo ya mkongo na msumari wapi na wapi

Mwezi wa kumi minada ya korosho ikishaanza na wakulima wakaanza kulipwa, karakana za seremala kuanzia hapa Mtwara mjini mpaka Masasi zinajaa oda. Kitanda, meza ya tivii, kabati la droo la nguo. Na mteja wa kusini hataki kusikia habari za paini, anataka mkongo au mninga, na hapo mimi nampongeza kabisa maana mbao tumejaliwa, Liwale na Nachingwea huko watu wanazifuata kutoka Dar. Balaa linaanzia kwenye droo. Mbao ya bei mbaya, mbele imechongwa maua, vanishi inang'aa mpaka unajiona sura, alafu ukiivuta ukachungulia ubavuni unakuta misumari imepigwa kavukavu na gundi imechuruzika. Huo mimi nauita uonevu kwa mti.

Maana kwenye kabati zima droo ndo inayopata shuruba. Kila asubuhi inavutwa, tena na watoto inavutwa kwa hasira, na nguvu yote inaishia kwenye ubao wa mbele. Msumari ukipigwa kutoka mbele unaingia kwenye kichwa cha ubao wa ubavu, pale nyuzi zilipokatwa, kwahiyo haushiki vizuri, na kila ukivuta unausaidia kutoka kwa njia ileile uliyoingilia. Mkongo nao usipoutobolea kwanza ama unapinda msumari ama unapasuka wenyewe, na hewa yetu ya bahari inakuja kumalizia na kutu.

Doveteli, kile kiungo cha mbao mbili kuumana zenyewe bila msumari, haina hiyo shida. Ncha ya ubao wa ubavu unaikata iwe mikia, mipana mwishoni na myembamba shingoni, inakaa kwenye nafasi za meno ya ubao wa mbele, ukivuta mkia hauna pa kutokea, labda uutoe kwa pembeni ulikoingilia. Hata gundi ikizeeka, kiungo kinashika. Kwa mbao ngumu mwinamo wa mkia unakuwa moja kwa nane hivi, kwa mbao laini moja kwa sita, ukizidisha mbwembwe za mwinamo zile kona zinamegeka. Na mbele mikia haitokezi, unaacha milimita tano sita za ubao zinaifunika, kwahiyo anayepita sebuleni haoni kitu.

Kukata kwenyewe ni kazi ya utulivu, na mimi ndo sehemu ninayoipenda. Unarandia mbao mpaka ikae mraba, mstari wa kina, pale mikia itakapoishia, unaukwaruza kwa geji, kifaa cha kuchora mstari chenye ncha kali, penseli ni nene mno, unakata mikia kwanza kwa msumeno wa meno madogo. Alafu unaulaza ubavu juu ya kichwa cha ubao wa mbele, unafuata mikia kwa ncha ya kisu, na ukienda kukata meno msumeno unapita upande wa taka, yaani sehemu itakayotolewa, mstari wenyewe unaubakiza. Patasi iwe kali kwelikweli. Kwenye mkongo patasi butu haikati, inaziponda nyuzi tu na unabaki na shimo lenye kingo zilizochakaa, kwahiyo jiwe la kunolea liwe mezani muda wote. Kufunga unafunga mara moja, unagonga kwa nyundo ya mbao huku unasikiliza, mlio ukibadilika ukawa mzito ujue mkia umefika chini, acha. Ukifungua na kufunga kila saa kujaribu, kiungo kinalegea.

Sasa kuna hili la majira ambalo linatuumiza huku pwani. Oda zinakuja mwisho wa kiangazi, mbao imekauka, droo inapachikwa inabana safi mteja anafurahi, mvua zikishika Januari mpaka Machi droo haifunguki, mtu anapiga simu analalamika fundi kanipiga. Fundi hajampiga, mbao imevimba. Mbao inavimba kwa upana, kwa urefu wa nyuzi haivimbi cha maana, kwahiyo kinachoongezeka ni kimo cha droo. Kushoto na kulia unaweza kubana hadi karatasi tu ipite, ila juu, kwa droo ya kimo cha sentimita ishirini iliyopachikwa kiangazi, acha milimita mbili mpaka tatu. Hapo ndo ugomvi na wateja.

"Fundi, mbona juu kuna mwanya?"

"Subiri masika mama, utanishukuru."

Kitako kikiwa cha mbao nzima nyuzi zipite kushoto kwenda kulia, kiingie kwenye mfereji bila gundi, nyuma kishikwe na skrubu kwenye tundu refu ili kivimbe kitakavyo. Ukiweka plaiwudi nayo sawa, mimi sioni aibu.

Reli za chuma je? Za jikoni na ofisini sina neno. Kwa kabati la nguo Mtwara, au Mikindani pale bahari ipo mlangoni, bado nachagua mbao ipite juu ya mbao ukaipaka mshumaa, haina gololi za kuota kutu, na ikichakaa mjukuu wako atabandika kipande kingine. Vishikio tafuteni mabaki ya mpingo kwa wachonga vinyago, mti mzito mpaka unazama majini, vinakaa umri wote.

Najua mtasema bei. Ni kweli doveteli ya mkono inakula muda, kuna anayetumia rauta, mashine ya umeme ya kuchonga mbao, na anafunga vizuri tu, sigombani naye. Ila mteja anayelipia maua mbele alafu akaniambia "si upige msumari tu, nani anaangalia humo ndani", huyo ndo sikubaliani naye. Punguza maua, hiyo hela iende kwenye viungo. Na kama unaitaka kwa hela ya korosho, njoo na kianzio mapema, mwezi wa sita kusi likivuma, mbao ipangwe na vijiti kati yake ikauke kivulini. Ukija Novemba unataka Krismasi iwe sebuleni, mimi kwa droo za mkongo nitakukatalia, nitakutengenezea stuli.