Tume ikishasema haki imevunjwa, nani analazimika kutii?

Hapa Tanga wengi wanaijua Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kwa jina tu. Wachache wanaoijua zaidi ya hapo huniuliza swali moja: wakimaliza kuchunguza, ndipo iweje? Nadhani Bunge letu limelikwepa swali hilo kwa muda mrefu mno.

Kwenye kuchunguza kwenyewe, Tume haina upungufu mkubwa. Ibara ya 130 ya Katiba na Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 zimeipa mamlaka mapana. Inapokea malalamiko ya mdomo au ya maandishi, bila ada na bila kumtaka mtu awe na wakili, na inaweza kuanza uchunguzi yenyewe hata kama hakuna aliyelalamika. Inaweza kumwita ofisa aje kueleza, kudai nyaraka, na kukagua magereza, likiwemo Maweni letu hili. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoitangulia tangu miaka ya 1960, ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika, lakini taarifa zake zilikuwa za Rais. Tumetoka mbali, nalisema hilo kwa moyo mmoja.

Lakini kuna bibi mmoja wa upande wa Pangani ambaye mwaka jana alinionyesha fomu ya uthamini wa shamba lake. Karatasi imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuachana. Safu moja minazi mikubwa, safu nyingine minazi michanga, chini yake miembe na mkorosho mmoja, kisha dole gumba lake kwa wino wa zambarau. Mashine zilishapita, minazi ilishalala, na fidia haijaonekana. Kila akienda ofisi inayohusika anaambiwa suala lake linashughulikiwa. Nikamwambia kuhusu Tume. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mwanangu, hao wakiona nimedhulumiwa, wataweza kuwaambia walipe, nao wakalipa?"

Sikuweza kumjibu ndiyo. Tume ikimaliza uchunguzi hutoa mapendekezo. Taasisi iliyolalamikiwa hupewa muda usiozidi miezi mitatu kueleza imechukua hatua gani. Isipochukua hatua, sheria inairuhusu Tume kwenda mahakamani kudai utekelezaji. Ukiisoma karatasini, njia hiyo inaonekana nyoofu. Waulize watu wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walioondolewa kwenye ardhi yao Oktoba 2001 na nyumba zao zikachomwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilipeleka malalamiko yao, Tume ikasikiliza mashahidi, na mwaka 2004 ikaona kwamba haki zao zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubali. Shauri likaanza upya mahakamani, likapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mvutano ukawa juu ya kama mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa na mahakama. Mtu aliyechomewa nyumba anafikaje huko kwa nauli yake mwenyewe?

Majirani zetu wa Uganda walilitatua hili kwenye Katiba yao ya 1995. Ibara ya 53 inaipa tume yao mamlaka kama ya mahakama: ikithibitisha kwamba haki imevunjwa, inaweza kuamuru aliyezuiliwa aachiwe, au aliyeumizwa alipwe fidia. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Sisemi Uganda mambo yote ni shwari, na anayefuatilia habari za huko anajua. Nasema tu kwamba mlalamikaji wa huko anaondoka na amri mkononi, na mzigo wa kwenda mahakamani unamwangukia anayeipinga. Kwetu mzigo huo uko upande wa aliyedhulumiwa.

Wapo wanaosema tukifanya hivyo Tume itakuwa mahakama ya pili. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana naitaka rufaa ya Mahakama Kuu iwemo. Linalonitisha zaidi ni ibara ndogo ya 130(3), inayomruhusu Rais kuipa Tume maagizo akiridhika kwamba masilahi ya taifa yanahitaji hivyo. Masilahi ya taifa ni maneno mapana. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaloishia hapa kwetu Chongoleani ni masilahi ya taifa, bandari ni masilahi ya taifa, barabara pia. Mwenye minazi iliyopitiwa na mradi naye ni taifa, na ni kwenye miradi mikubwa kama hiyo ndipo anapohitaji mchunguzi asiyeweza kuambiwa aache.

Bibi yule nilimshauri aende, na aende kabla mtu hajamshawishi kufungua kesi, kwa sababu jambo likishakuwa mahakamani Tume hailigusi. Atunze nakala ya kila karatasi, adai namba ya jalada lake. Na wabunge wa mkoa huu nawaomba jambo moja. Taarifa ya mwaka ya Tume ikiwekwa mezani Bungeni, msimame mmuulize Waziri kwa majina: ni taasisi zipi zilipewa mapendekezo na hazikuyatekeleza, na Tume imezipeleka ngapi mahakamani.