Maji ya Marekani, Meno ya Arumeru

Mwezi Machi 2025 jimbo la Utah lilikuwa la kwanza Marekani kupiga marufuku kwa sheria uongezaji wa floraidi, madini yanayotumika kukinga meno yasioze, kwenye maji ya bomba. Miezi miwili baadaye Florida ikafuata. Haukupita muda, sauti na video zikaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, likiwemo la ukoo wetu: floraidi ni sumu, tupeni dawa za meno za dukani, watoto wapigishwe mswaki kwa chumvi na mkaa.

Dada yangu anaishi Arumeru, mkoani Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na ana watoto wawili. Jioni hiyo alinipigia kuniuliza kama aitupe ile dawa ya meno aliyoinunua juzi. Nikamwambia asiitupe. Kisha nikamuuliza maji ya kupikia uji wa yule mdogo, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, anayatoa wapi. Akajibu, "Si hapo bombani, kaka. Kwani kuna mengine?"

Mimi na yeye tumekulia maji hayo hayo. Meno yangu ya mbele yana mabaka ya kahawia, na mawili ya juu yana vishimo ninavyovihisi nikipitisha ulimi. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akitusugua kwa majivu kila asubuhi akidhani ni uchafu. Ufizi ulitoka damu, rangi ikabaki palepale. Nani angemwambia kwamba rangi ile haikuja juu ya jino? Iliwekwa ndani, jino likiwa bado linajijenga chini ya ufizi. Mtoto anapokunywa floraidi nyingi mno katika miaka hiyo, enameli, lile ganda gumu la nje, haikomai sawasawa. Jino likichomoza tayari limeshaharibika, na hakuna mswaki wala jivu litakaloliosha. Kwa meno ya mbele ya juu, wakati mbaya zaidi ni mwaka wa pili na wa tatu wa mtoto, hasa ule wakati anapoacha ziwa na kuanza uji na chai.

Ndiyo maana ubishi wa Marekani, ukipakuliwa mzima na kumwagwa kwenye simu ya mama wa Arumeru, unaweza kumpoteza. Ila tusiutupe bila kuusikiliza, kwa sababu ulianzia kwenye meno kama yangu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Kadiri miaka ilivyokwenda aliona jambo jingine: meno hayo yenye madoa hayakuwa yakitoboka ovyo. Chanzo kilijulikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, akakuta floraidi. Baada yake Trendley Dean, daktari wa meno wa serikali ya Marekani, alizunguka miji mingi akitafuta kiasi ambacho kingelinda jino bila kulitia doa, akafika kwenye karibu miligramu 1 kwa lita. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwenye maji yake kwa kusudi hilo. Mwaka 2015 kiwango kinachopendekezwa Marekani kilipunguzwa hadi miligramu 0.7.

Wanaotetea utaratibu huo wana hoja nzito. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa tindikali inayoyeyusha enameli kidogo kidogo. Floraidi iliyomo kwenye mate husaidia madini kurudi kwenye jino kabla tundu halijatoboka. Maji ya bomba humfikia kila mtoto, hata yule ambaye wazazi wake hawana hela ya daktari wa meno wala mazoea ya mswaki. Mji wa Calgary, Kanada, uliacha mwaka 2011. Watafiti waliofuatilia meno ya watoto wakaona kuoza kumezidi ukilinganisha na Edmonton, ambako floraidi iliendelea, wananchi wakapiga kura, na Juni 2025 mji ukarudi kuongeza.

Wanaopinga nao si wazushi wote. Mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba faida iliyokuwa kubwa zamani imepungua sana tangu dawa za meno zenye floraidi zilipoenea: kwa tafiti za baada ya 1975, tofauti ni kama robo ya jino kwa kila mtoto. Mwaka huo huo taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilisema, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yenye floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita yanahusiana na alama za chini za vipimo vya akili kwa watoto. Kuhusu 0.7, ikasema ushahidi hautoshi kutoa jibu.

Ile 1.5 ndiyo inayonikosesha usingizi. Tafiti nyingi zilizotumika kufikia hitimisho lile hazikufanyika Marekani. Zilifanyika China, India na kwingineko ambako floraidi inatoka ardhini yenyewe na kupita kiwango hicho. Kwa maneno mengine, ushahidi unaotumiwa kuwatisha wazazi wa Utah juu ya 0.7 unahusu maji kama ya kwetu. Wao wanabishana juu ya kivuli cha maji hayo, sisi tunayanywa.

Sababu iko kwenye miamba. Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia kupitia Nakuru hadi Arusha, limejaa mawe ya volkano yenye floraidi. Maji yanayopita humo yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, na bila kalsiamu ya kuikamata, floraidi hubaki imeyeyuka. Kwenye miteremko ya Meru vipo vyanzo vinavyozidi miligramu 10 kwa lita, na kwenye maziwa ya Momella kiasi kinahesabika kwa mamia. Chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana mno. Na floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiyachemsha maji huiondoi: mvuke unaondoka, floraidi inabaki na kukolea. Tena chai ambayo sisi watu wa milimani hatuachi kunywa inaongeza yake, kwa kuwa mchai hukusanya floraidi kwenye majani.

Sasa njoo kwenye mvutano wetu wenyewe, usiosambaa kwenye WhatsApp. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5. Tanzania katika miaka ya 1970 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa sheria inasema 1.5, kama linavyotaka shirika hilo. Ukisoma haraka utasema waliokubali 8 walitutupa. Mimi nilisema hivyo kwa miaka mingi, kwa hasira, kila nilipojiangalia kwenye kioo.

Lakini nimekaa na watu wa maji nikawasikiliza. Mwenye kisima chenye miligramu 5 akikifunga leo kwa ajili ya sheria, kina mama wa kijiji hicho hawatakunywa maji ya 1.5 kesho. Watarudi mtoni, watachota pamoja na ng'ombe, na kuhara kutaua mtoto ndani ya siku tatu wakati floraidi ingemharibia meno kwa miaka mitatu. Ule uamuzi wa miaka ya 1970 ulifanywa na nchi iliyokuwa ikijaribu kumfikishia kila mtu maji kwa mara ya kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli na siwezi kuipuuza.

Upande wa pili nao nimeuona kwa macho. Huko kwetu wapo watu wazima waliopinda miguu matege, na wazee ambao hawawezi kugeuza shingo bila kugeuza mwili mzima, kwa sababu floraidi nyingi ya miaka mingi hukaa kwenye mifupa. Na kwa wale ambao madhara yao yaliishia kwenye meno, msiseme ni urembo tu. Nina picha ya darasa letu la kidato cha nne ambamo zaidi ya nusu tumefumba midomo. Meno yakiharibika sana hutoboka na kumeguka, vishimo hushika chakula, na yale madini yaliyotarajiwa kulinda jino yanakuwa ndiyo yaliyoliweka wazi kuoza. Kiwango cha "muda" kilichodumu miongo kilimpa kila mhusika ruhusa ya kutofanya kitu. Hapo ndipo naulaumu uamuzi ule, zaidi ya tarakimu yenyewe.

Kuondoa floraidi kumejaribiwa sana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hukohuko Arumeru, kimefanya kazi ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi, na Nakuru wenzetu wa Kenya wameutumia hata kwa vichujio vya nyumbani. Mkaa huo unafanya kazi vizuri. Tabu ni kwamba unachoka. Baada ya miezi kadhaa hauikamati tena floraidi, maji yanaendelea kutoka safi kwa macho, na mwenye nyumba hajui kwamba anakunywa yale yale ya zamani. Wapo pia wanaokataa kwa imani, wakiuliza mifupa ni ya mnyama gani, na wana haki ya kujibiwa. Jiji la Arusha limepata mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaoleta maji kutoka visima vya mbali yenye floraidi ndogo na kuyachanganya na yale ya zamani. Ni kazi kubwa na ya kupongezwa. Haitafika kila kitongoji cha Arumeru kesho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tusifunge kisima, na wala tusimpe mtoto mchanga maji yake. Maji ya kufulia, kuogea, kudekia na kunyweshea mifugo yaendelee kutoka bombani. Maji ya mdomo wa mtoto yatengwe. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya, hivyo kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita ni kinga isiyo na bei. Baada ya hapo mtoto mdogo, ukijumlisha uji, chai na maji ya kunywa, hafiki lita 2 kwa siku. Mvua haina floraidi ya kuhesabu. Bati la chumba na sebule, tuseme mita za mraba 30, likinyeshewa milimita 20 tu linatoa karibu lita 600 ukitoa kidogo za kupotea. Simtanki la lita 1,000 linamtosha mtoto mmoja zaidi ya mwaka. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, funika tanki, chemsha kabla ya kunywa. Gharama ya simtanki na mabomba ya kukinga ni kubwa kwa familia ya kijijini, najua. Ndiyo maana ningependa halmashauri zenye visima vya juu ya 1.5 zianze na nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitatu, kwa majina, kuliko kusubiri siku maji yote ya kijiji yatakapokuwa salama.

Kisha tusisahau magadi. Nyumba nyingi huyatia kwenye maharage na makande ili yaive upesi, na magadi yanayotoka kwenye maziwa yetu ya Bonde la Ufa yanabeba floraidi. Watafiti wa meno nchini wamewahi kukuta watoto wenye meno ya madoa hata sehemu ambazo maji yake hayana shida, na jikoni kwao kulikuwa na magadi. Loweka maharage usiku kucha.

Mpwa wangu mwingine yuko Dar es Salaam, na kwake hesabu inageuka. Jirani zake nao walisikia ile sauti ya WhatsApp, wakaacha dawa ya meno yenye floraidi, na watoto wanakunywa soda na juisi za paketi kila siku. Huko tatizo ni matundu, na mtoto wa miaka mitano analia usiku kwa gego lililooza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu inatosha kiasi cha punje ya mchele, na kwa mkubwa zaidi punje ya njegere, ateme asimeze. Hata dada yangu nimemshauri hivyo hivyo, akimsimamia mtoto wakati wa kupiga mswaki, kwa sababu mtoto anayekunywa maji ya mvua hana floraidi nyingine ya kumlinda na sukari.

Wiki iliyopita alinitumia picha. Kwenye kona ya jiko kuna ndoo mpya yenye kifuniko chekundu, na yule mkubwa ameshaambiwa asichote humo maji ya kunawa miguu. Jumamosi jumuiya ya watumia maji ina mkutano, na dada amesema atasimama kuomba kipimo cha floraidi kiandikwe kwa rangi kwenye nguzo ya kila bomba. Amechota maji kwenye bomba lile kwa miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuwasomea tarakimu yake.